Mrejesho: ile ziara ya misosi na mvinyo Porto

Wakuu, niliuliza kama inalipa kwenda ziara ya miguu ya kula na kuonja mvinyo Porto, Ureno, wakati wife hagusi pombe. Tumeenda bana. Tulianzia soko la Bolhão, jibini, zeituni, sadini za kopo, hapo wife akafurahi kuliko mimi. Kisha ikaja francesinha, mkate umeshindiliwa nyama na soseji, jibini imeyeyuka juu, halafu unamwagiwa mchuzi wa moto ambao kumbe una bia ndani, kwa hiyo asiyetumia kabisa aulize mapema, wife aliishia kwenye chipsi. Tukavuka daraja la Dom Luís I la 1886, kule juu treni na watembea kwa miguu wanapita pamoja na upepo wake si wa nchi hii, mpaka Gaia, mji wa ng'ambo ya mto, kwenye maghala ya mvinyo wa port. Guide anasema zabibu zikiwa bado zinachacha wanatia pombe kali, kuchacha kunakata, sukari inabaki, ndo maana ni mtamu hivyo, ila ni kama 20% msiuchukulie poa. Vaeni raba, mji wote vilima na mawe. Na asiyekunywa aombe bei ipunguzwe, sisi walitukubalia.