Watoto wa mbwa wa wiki tatu, nianze kuwalisha?

MamaChui, Moshi: Habari za jioni wadau. Mbwa wangu kazaa saba, sasa wana wiki tatu, meno yanachomoza. Wakija kunyonya mama anawakimbia, na mbavu zake zinahesabika. Jirani kasema niwape maziwa ya ng'ombe. Sawa?

Bwana Mifugo: Hapana, yatawaharisha. Loweka chakula cha watoto wa mbwa kwa maji ya uvuguvugu kiwe kama uji mzito, weka kwenye sinia. Watakanyaga kabla ya kulamba, waache tu. Mara nne kwa siku, huku wakiendelea kunyonya mpaka wiki ya sita au ya nane. Dawa ya minyoo wamepata? Huanza wiki ya pili.

MamaChui: Bado, kesho naenda duka la dawa. Ila chakula hicho bei yake! Ugali na dagaa je?

Kijukuu: Ugali laini na dagaa waliosagwa utawasogeza siku chache, lakini usiweke kitunguu, ni sumu kwa mbwa. Na mshibishe mama kwanza: anahitaji mara mbili hata tatu ya chakula chake cha kawaida. Ukimwona anatetemeka na kukakamaa miguu, huenda kalisiamu imeshuka. Usingoje kuche, daktari wa mifugo hapohapo.