UZI: Otoklevu ya maabara imepikiwa matoke, halafu bosi anauliza "si mvuke ni ule ule?"

Mlinzi wa Chupa (mwanzisha uzi)

Wadau, hasira niliyo nayo ingeweza kuwasha jenereta ya chuo kizima, ile ambayo dizeli yake hupotea kila Ijumaa.

Leo asubuhi, kwenye kituo chetu cha bayoteknolojia, ndani ya chuo kikuu chenye geti, walinzi na kaulimbiu, otoklevu, lile tangi la mvuke wa presha la kuulia vijidudu, imepikiwa MATOKE. Yamefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba, yakashushwa ndani ya kile kikapu cha waya cha kubebea chupa tunazooteshea miche ya migomba, mfuniko ukakazwa, geji ikapanda, na watu wenye shahada za uzamili wakasimama pembeni wakinusa.

Aliyeagiza mnamjua. Ni yule wa ofisi yenye zulia, ambaye kitambi kinaingia kikaoni robo saa kabla yake. Yule aliyetoa kabati la hewa safi chumbani akalisukumia koridoni, mlango wa choo ukiwa mita mbili, ili apate pa kuweka makochi. Wageni walikuwa njiani, jiko la kantini halina gesi, naye akaona suluhisho. Alipoambiwa hicho si chombo cha chakula akajibu mbele ya watu wote: "Si mvuke ni ule ule?"

Si mvuke ni ule ule! Mkuu wa kituo!

Jana jioni tangi hilo hilo lilichemsha taka za bakteria wa mnyauko wa migomba: sahani zao, agari yao (ule ute mgumu wa kuwaoteshea), ncha za pipeti zao. Bakteria wanakufa, hilo silibishi, nyuzi 121 kwa nusu saa hakuna anayetoka hai. Lakini kanamaisini, dawa ya kuua bakteria iliyochanganywa kwenye agari, inavumilia joto hilo, na agari ikimwagika inakaa chini ya tangi. Akitokea mzembe akatupia humo jeli yenye ethidiamu bromaidi, ile rangi ya sumu ya kuonyeshea DNA, mvuke hauifanyi kitu, inabaki pale pale. Na maji ya chini ya tangi ndiyo yanayochemka, ndiyo yanayopanda kuyakumbatia hayo majani ya mgomba. Banange, wageni wamekula na kuongeza.

Fundi wa maabara naye, mtu mzima mwenye wajukuu, akabandika tepu ya kiashiria juu ya furushi. Mistari myeusi ilipojitokeza akatangaza: "Yameiva." Tepu ile inakwambia tu kwamba furushi limepita kwenye joto. Haithibitishi hata kwamba chupa imetakasika ndani, sembuse matoke.

Muda wote huo lita nne za MS, chakula cha kuoteshea miche chupani, zilikuwa mezani zikisubiri otoklevu. Sukari gramu 30 kwa lita, agari gramu 8, pH imeshapimwa 5.8, homoni ya BAP imeshawekwa. Machipukizi yameshaoshwa, yamepita kwenye alkoholi ya asilimia 70, yamekaa kwenye jiki dakika 20, yamesuuzwa, yamemenywa hadi kwenye kiini cha sentimita moja. Mgomba ukishaukata hausubiri, una fenoli nyingi, dakika chache tu unaanza kuwa kahawia na kujiua kwa sumu yake wenyewe. Viini vimekaa kwenye maji yenye vitamini C vikingojea zamu. Mgomba wa utafiti umepangishwa foleni nyuma ya mgomba wa mchuzi.

Otoklevu ya pili ipo. Mpira wa mlango ulipasuka, ombi la mpira mpya liko juu ya meza ya nani? Mnamjua.

Jioni akasimama mbele ya wageni, mdomo bado unang'aa mafuta, akawahutubia kuhusu viwango vya usafi vya maabara yetu. Mvuke ule ule! Yaani mvuke ule ule!

---

Nyuzi 121

Mkuu, pole, lakini umeacha baya kuliko yote. Chini ya tangi kuna kichujio cha njia ya kutolea maji na hewa. Nyuzi za majani ya mgomba na ule utomvu vikiingia pale vinaziba. Hewa ikishindwa kutoka inabaki imechanganyika na mvuke, na hapo geji inakudanganya: inasoma paundi 15 lakini joto halijafika 121, pengine liko 110. Mtatoa chupa mkidhani zimetakasika. Siku ya tatu mnaona ukungu mweupe kwenye shina la mche, mnamlaumu mwanafunzi kwamba hakuvaa glavu.

Kesho asubuhi, kabla ya mtu kugusa chochote: zima, acha ipoe, mwaga maji yote, toa kichujio ukisugue kwa brashi, futa kiwasho cha joto (wanga ukikaukia pale kinaungua), weka maji yaliyochujwa, uipige mzunguko mtupu. Kisha piga mwingine ukiwa na kichupa cha vijimbegu vya Geobacillus, bakteria sugu kwa joto, katikati ya mzigo. Vikiota baada ya hapo, msiitumie.

---

Boda wa Wandegeya

Mimi nauliza jambo moja tu. Yaliiva au hayakuiva? Na mchuzi ulikuwa wa karanga?

---

Mlinzi wa Chupa

@Boda wa Wandegeya toka kwenye uzi wangu. Watu wamekula kanamaisini wewe unauliza mchuzi.

---

Boda wa Wandegeya

Kwa hiyo yaliiva. Mama yangu huyapika saa tatu kwa kuni, nyinyi mna mashine ya nusu saa mmeificha chuoni.

---

Mama Miche Masaka

Huyu mwanzisha uzi anapenda kulia. Nyinyi wa maabara wote lenu moja, mkubwa na mdogo. Mnalilia lita nne za uji wenu, na sisi wakulima tumlilie nani? Miche ya chupa mnayotuuzia inatoka kwenu mibichi, mmeinyofoa kwenye agari mkaitia kwenye mfuko, mnasema "mwagilia tu, nnyabo". Ikifika Masaka imelala.

Mche uliotoka kwenye chupa hauna nta kwenye jani wala mizizi ya maana, jua la mchana linaumaliza. Agari yote ioshwe mizizini, ikibaki inaleta kuvu. Uwekwe kwenye kihema cha nailoni chenye unyevu, nailoni ifunguliwe kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Kisha mfuko wenye udongo wa msituni na samadi iliyooza, chini ya kivuli, wiki sita hadi nane, ufikie urefu wa futi moja. Hapo ndipo auziwe mtu. Nyinyi mnaruka yote kwa sababu mfadhili anahesabu miche iliyotoka getini.

Na miche mirefu isiyozaa mkungu wa kueleweka? Mmezidisha kukata na kukata tena kutoka kwenye kiini kimoja. Mkipita mizunguko minane au kumi mche unaanza kubadilika tabia. Mnajua, na mnauza.

---

Kijana wa Mbale

Mama Miche kapiga msumari. Na hamwaambii watu kwamba mche wa chupa ni safi tu, haujakingwa. Mnyauko bado unauchukua. Tangu ugonjwa uonekane Mukono 2001 dawa yake haijapatikana. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara baada ya chane ya mwisho kutoka, msilikate kwa panga, na panga lenyewe lichovywe kwenye jiki au lipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba wa pili.

---

Mlinzi wa Chupa

Hayo ya miche ni kweli, fungueni uzi wenu. Hapa tunaongelea mtu aliyesema MVUKE NI ULE ULE.

---

Afande Mstaafu

Halafu watu kama hawa ndio wanaotaka wapewe sheria ya GMO, mimea iliyoingizwa jeni za kigeni. Bunge la Uganda lilipitisha muswada Oktoba 2017, Rais akaurudisha. Wakaupitisha tena Novemba 2018, ukarudi tena. Mimi nasema ukae huko huko. Wanaopikia matoke kwenye mashine ya vijidudu wasikabidhiwe jeni za taifa.

---

Nyuzi 121

Afande, heshima yako mzee, lakini unachanganya. Miche ya chupa si GMO. Ni chipukizi lile lile la shambani limezalishwa kwa wingi bila vijidudu, hakuna jeni iliyoingizwa. Iliyoingizwa jeni ni ile migomba ya majaribio yenye jeni za pilipili hoho dhidi ya mnyauko, nayo imekuwa ikijaribiwa ndani ya uzio chini ya Kamati ya Taifa ya Usalama wa Bayoteknolojia. Na muswada wa pili ulikwama pia kwa sababu ya kifungu cha kumbebesha mwenye teknolojia dhima yote likitokea dhara. Wanasayansi wenyewe hawakukipenda.

---

Afande Mstaafu

Kijana, uzio una mlango. Mlango una ufunguo. Ufunguo anao nani? Yule wa mvuke.

---

Ncha za Bluu

Angalau nyinyi mna otoklevu ya kupikia. Kwetu tatizo ni ofisi ya manunuzi. Ombi la kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, kile cha kupimia kirusi cha ugonjwa wa michirizi kahawia ya muhogo, linasainiwa na mkuu wa kitengo, linakwenda manunuzi, linakwenda kamati ya mikataba, linarudi kwa sababu "bei iandikwe kwa maneno pia". Mzigo ukifika Entebbe Ijumaa karatasi za msamaha wa kodi hazijaandaliwa. Barafu kavu ya kuupoza mzigo inayeyuka kuwa hewa, inapungua kilo kadhaa kwa siku hata ndani ya sanduku zuri. Jumatatu wanafungua, sanduku ni la vuguvugu. Praima za unga, vile vipande vifupi vya DNA vya kupimia, zitapona. Kimeng'enya hicho hakiponi, na hakuna anayekitupa! Kinaingizwa kwenye friji, kinaandikwa "kipya", na kila sampuli inasoma haina kirusi. Mkulima anaambiwa pando zake ni safi, anapanda, anavuna mizizi iliyooza kwa ndani.

---

Fundi Friji

Mnaongea friji, nami niseme langu. Friji za nyuzi -80 kwenye vituo hivi zinauawa na watu wazima wenye akili zao. Soketi moja: friji, birika la chai na chaja sita. Birika likiwashwa volti inashuka, kompresa inahangaika kuwaka, inaungua. Nyuma ya friji kuna maboksi yamebanwa ukutani, joto halina pa kutokea. Chujio la hewa la mbele lina vumbi la kuotesha muhogo. Lisafishwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, linatoka kwa mkono tu, hata bisibisi haihitajiki.

Umeme ukikatika MSIFUNGUE MLANGO. Likiwa limejaa linashika baridi kwa saa nyingi. Nafasi tupu jazeni chupa za maji zigande humo. Na umeme ukirudi lisiwake papo hapo, liwe na kicheleweshaji cha dakika tano, maana kompresa ikianza presha ya gesi haijashuka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Kengele iwekwe -70, isizimwe "kwa sababu inasumbua kikao".

---

Ncha za Bluu

@Fundi Friji kwetu kengele ilikatwa waya kabisa. Bosi alikuwa na simu muhimu.

---

Mlinzi wa Chupa

Jamani, matoke. Tepu ya kiashiria kwenye jani la mgomba. Hakuna anayekasirika?

---

Boda wa Wandegeya

Tumekasirika ssebo. Mchuzi bado hujasema.

---

Mama Miche Masaka

Fundi, samahani nikuulize hapa hapa. Friji ya soda dukani inagandisha huku nyuma tu, za mbele ni za moto, na injini haipumziki usiku kucha. Aliyekuja juzi anataka laki tatu za gesi. Ni gesi kweli?

---

Fundi Friji

Usimpe kitu, mama. Chukua noti ya elfu moja, ibane kati ya mpira na fremu, funga mlango, uivute. Fanya hivyo pande zote nne. Inapotoka bila kukaza, mpira umechoka. Umwagie maji ya moto, unyooshe kwa mkono, mara nyingi unarudi. Noti ikikaza kote, fungua kifuniko cha ndani uangalie feni inazunguka au imekamatwa na barafu.

---

Mama Miche Masaka

Upande wa bawaba imetoka yenyewe bila kukaza. Nachemsha maji sasa hivi.