Je, James Muspratt anastahili kuenziwa?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba James Muspratt, mkemia mzaliwa wa Dublin aliyeanza kutengeneza magadi ya kiwandani mjini Liverpool baada ya kodi ya chumvi kupunguzwa mwaka 1823, asihukumiwe kwa macho ya leo, kwa kuwa enzi zile hakuna aliyejua madhara ya moshi wa viwanda. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na haipatani na yaliyotokea.

Sifa zake sizikatai. Watengenezaji wa sabuni walikuwa wamezoea majivu ya mimea na ya mwani, wakayatilia shaka magadi yake (ndugu wa haya tunayotia kwenye maharage yaive upesi), naye akawagawia bure mpaka wakaridhika.

Tatizo ni njia aliyoitumia, ile ya Leblanc ya kugeuza chumvi ya kawaida kuwa magadi. Chumvi ikitiwa asidi ya salfuriki hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na kwa kila tani 8 za magadi zilizopatikana, takriban tani 5.5 za gesi hiyo zilipaa, zikakutana na unyevu wa hewa na kurudi chini zikiwa asidi inayobabua majani ya miti na kula vyuma. Muspratt alijenga dohani ndefu, ambayo ilimpunguzia adha jirani wa karibu na kumpelekea wa mbali. Mwaka 1838 mji wa Liverpool ulimshtaki, na huko Newton, alikokuwa na kiwanda kingine, wenye mashamba nao wakamwandama mahakamani. Mtu wa namna hiyo hatetewi kwa kutojua.

Dawa nayo ilikuwapo. Mwaka 1836 William Gossage, mkemia mwenzake, alijaza vijiti ndani ya kinu kikuukuu cha upepo, akatiririsha maji juu yake, na gesi iliyopitishwa humo ikayeyuka majini. Ni kweli kwamba asidi hiyo mara nyingi iliishia mtoni, kwa hiyo Gossage naye si malaika. Hata hivyo, ilipita miaka 27 kabla ya sheria ya 1863 kuwalazimisha wenye viwanda kunasa asilimia 95 ya gesi hiyo, na walipolazimishwa, waliweza.

Basi wanaomtetea waniambie: miaka hiyo 27 tuiandike kwenye hesabu ya nani, ya Bunge lililochelewa au ya mwenye dohani? Mimi naanza na mwenye dohani.