Kupanda hekalu la Doi Suthep, Thailand: mama mwenye magoti mabovu ataweza?

Swali, kutoka Bukavu:
Ndugu zangu, mwezi ujao nitamsindikiza mama yangu Chiang Mai, naye anatamani sana kuliona hekalu la Kibuddha la Wat Phra That Doi Suthep. Sisi ni Wakristo na hatungependa kumkosea mtu heshima. Je, ngazi zake ni nyingi?

Jibu, kutoka Goma:
Ngazi zinazidi 300, huku na huku zikilindwa na nyoka wakubwa wa kuchongwa, lakini kipo pia kigari cha kupandia kwa malipo madogo, kwa hiyo mama asiogope. Hekalu liko kwenye kimo cha takribani mita 1,000, chini kuliko Goma yetu, basi pumzi haitamsumbua. Mapokeo husema kwamba lilianzishwa mwaka 1383, pale tembo mweupe aliyebeba masalia ya Buddha alipopanda mlima, akalia na kufa. Nendeni alfajiri, mnara wa dhahabu ukipigwa na jua la kwanza, mtanyamaza wenyewe.

Jibu, kutoka Lubumbashi:
Naongeza, dada: vitenge vyenu vinafaa kabisa, mradi mabega na magoti yafunikwe. Vueni viatu, msielekeze nyayo kwenye sanamu, na ninyi wanawake msimguse mtawa wala kumpa kitu mkononi.

Muuliza:
Asanteni sana. Mama amefurahia habari ya kigari.