Naomba ushauri: kuongeza mwezi mmoja kwenye tarehe katika PHP

Ndugu wataalamu, ninaandika programu ndogo ya kukumbusha malipo ya kila mwezi kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, nami nimekwama kwenye strtotime, amri yake ya kugeuza maandishi kuwa tarehe. Nikiipa tarehe 31 Januari 2023 na kuiagiza iongeze "+1 month", hunirudishia 3 Machi 2023, kwa kuwa huhesabu hadi 31 Februari, siku isiyokuwapo, kisha huzisogeza mbele siku tatu zilizozidi. Mantiki yake naielewa, ingawa mlipaji hataielewa. Nilijaribu "last day of next month" (siku ya mwisho ya mwezi ujao), ikanipa 28 Februari kama nilivyotaka, lakini malipo ya tarehe 15 nayo yakasukumwa hadi mwisho wa mwezi. Je, nilinganishe kwanza siku ya malipo na idadi ya siku za mwezi unaofuata, kisha nichukue iliyo ndogo, au ipo njia nyepesi zaidi?