Tupeane uzoefu: injini kuchemka mlimani, na tulichokipima wenyewe kabla ya hedi kufunguliwa

Mwanachama wa Nakuru (mwenye mada)

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu injini zinazochemka, hasa sisi tunaoshika spana wenyewe nyumbani. Barabara zetu huipima injini kwa namna ambayo nyanda za chini haziwezi. Anayetoka Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, hupita Ahero na Awasi katika joto la bonde, kisha hupandisha kwenda Kericho na Londiani, na akifika Mau Summit huwa ameinuka zaidi ya mita 1,000.

Nianze na langu. Gari langu ni dogo, la petroli, injini ya cc 1500. Ndani ya mji wa Nakuru halikuwa na tatizo lolote, lakini kila nilipopandisha kutoka Kericho, chupa ya akiba ya maji ya rejeta ilijaa hadi ikamwagika, na gari lilipopoa hosi ya juu ya rejeta ilikuwa imebonyea. Fundi mmoja alishauri hedi, yaani kichwa cha injini, ifunguliwe mara moja. Niliomba muda, nikakifungua kifuniko cha rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, nikaona mpira wake umepasuka na kile kivalvu kidogo cha katikati kimeganda kwa kutu. Nilinunua kifuniko kipya chenye namba ileile iliyochapwa juu ya cha zamani, na dalili zote mbili zikakoma.

Sababu yake inafaa ieleweke. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 kule Mombasa, lakini Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, ilhali injini nyingi za petroli hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Kinachozuia maji yasichemke huko juu ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko. Namba 0.9 au 1.1 unayoiona juu yake ndiyo kipimo cha shinikizo hilo, kwa hivyo usiweke kifuniko chochote kwa kuwa tu kimeingia. Kivalvu cha katikati nacho hurudisha maji kutoka kwenye chupa injini inapopoa. Kikiganda, rejeta hujinyonya na hosi ikabonyea.

Tafadhali kila mmoja aeleze dalili, alichokipima na alichokipata.

Mwanachama wa Kisumu

Asante, ndugu. Langu lilikuwa kinyume cha lako: kwenye barabara kuu lilikuwa shwari, hata katika kupanda mlima wa Riat, lakini nikikwama kwenye msongamano wa Kondele saa nane mchana, taa nyekundu inawaka. Nasema taa kwa sababu magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale wa joto, bali yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi joto, na katikati hapo dereva haoni chochote. Ndiyo maana nilinunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma vipimo vya kompyuta ya gari kwenye simu, nikaanza kuziona nyuzi zenyewe. Zilikuwa zinapanda kila niliposimama, na kushuka kila gari lilipopata mwendo. Gari lenye mwendo hupozwa na upepo wa barabarani, lililosimama hutegemea feni, kwa hivyo nikaanza kuichunguza feni.

Nilifungua boneti, nikawasha kiyoyozi. Katika magari mengi feni inapaswa kuzunguka papo hapo, lakini yangu haikuzunguka. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikachomoa rilei ya feni, yaani swichi ndogo inayoipelekea umeme, nikaweka mahali pake rilei ya honi ambayo ina miguu na namba sawasawa, na feni ikaanza kuvuma. Nikanunua rilei mpya kwa bei isiyofika hata gharama ya fundi kufika nyumbani. Ninaongeza onyo kwa akina dada wenzangu na kwa wote: feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, kwa hivyo chomoa waya wake kabla ya kupitisha mkono.

Mwanachama wa Muhoroni

Sisi wa ukanda wa miwa tuna mkosi wetu. Trela za miwa huacha makapi barabarani, nawe ukizifuata kutoka Chemelil, makapi hayo, pamoja na mbegu za nyasi na wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kama moshi, huingia mbele ya gari. Ukitazama kwa mbele utaona kondensa ya kiyoyozi, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, iko safi, ukaridhika. Uchafu hukaa nyuma yake, katika ule mwanya ulio kati ya kondensa na rejeta. Mimi niliona mwanga wa tochi haupiti upande wa pili, nikafungua boliti za juu, nikaisogeza rejeta kidogo, nikatoa makapi yaliyoshikana na mafuta na vumbi hadi yakawa kama blanketi.

Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu urudi ulikotokea. Mashine za kuoshea magari zenye nguvu nyingi hulaza zile bati nyembamba za alumini, na zikishalala upepo haupiti tena.

Mwanachama wa Molo

Nimesoma nyote kwa makini, na sijaona aliyegusa themostati, kile kivalvu kinachofunguka injini ikipata joto ili maji yaende kwenye rejeta, nami naona ndiyo inayoteseka zaidi mikononi mwa mafundi wetu. Gari likichemka, dawa ya haraka ni kuitoa na kuitupa, na mwenye gari huambiwa kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitaji kitu hicho. Aje Molo asubuhi ya Julai aniambie joto liko wapi!

Gari nililolinunua lilikuwa limetolewa themostati bila mimi kuelezwa. Taa ya buluu ilichelewa sana kuzimika, hita haikutoa joto, na petroli ilikwisha kwa kasi, kwa kuwa kompyuta ikiona injini bado ni baridi huendelea kuongeza mafuta. Chini ya kifuniko cha oili palikuwa na ukungu mweupe kama maziwa, na jirani alishaanza kunipa pole ya gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya hedi, ambayo ikiharibika maji yanaweza kuingia kwenye oili. Lakini kijiti cha oili kilikuwa safi na maji hayakupungua. Ukungu ule ulikuwa mvuke tu, ambao injini isiyopata joto la kutosha haiwezi kuukausha.

Tena, kuitoa si lazima kupoze injini. Zipo injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta, na mlimani utachemka zaidi.

Nilinunua mpya iliyoandikwa nyuzi 82, nikaijaribu jikoni kwa kuitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, pamoja na kipimajoto. Wenzangu wa nyanda za juu wazingatie kwamba hapa maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Themostati ya 82 itaanza kufunguka, lakini nyingi hufunguka kikamilifu kwenye 95, kwa hivyo usiirudishe dukani kwa sababu haikumaliza kufunguka sufuriani.

Mwanachama wa Kakamega

Kwa heshima zote, mzee wa Molo, tusije tukawafanya watu waamini kwamba hedi haiharibiki kamwe. Yangu ilikuwa gasketi kweli. Maji yalipungua bila tone kuonekana chini, moshi mweupe wenye harufu tamu ulitoka asubuhi, na hosi ya juu ilikuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto. Nilifungua kifuniko injini ikiwa baridi, nikawasha, nikaona viputo vikipanda bila kukoma. Hapo niliacha spana, nikapeleka gari kwa fundi, kwa sababu hedi lazima ipimwe kama imepinda na isawazishwe kwenye mashine kabla ya kufungwa.

Mwanachama wa Bungoma

Ninauliza: nikiwa njiani taa nyekundu imewaka, nifanye nini? Na je, maji ya kisima yanafaa?

Mwanachama wa Nakuru (mwenye mada)

Ndugu wa Bungoma, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi, kisha egesha panapo usalama na uzime injini. Usiguse kifuniko mpaka hosi ya juu iweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza, kwani maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka usoni.

Maji ya visima vingi yana madini yanayoganda ndani ya rejeta. Ya kisima yawe ya kukufikisha nyumbani tu, kisha uyamwage. Tumia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyo tayari, au kulanti nzito uliyoichanganya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, na usichanganye aina mbili kwa kufuata rangi, kwa sababu rangi haikuambii kilichomo. Ukimwaga ya zamani, iweke kwenye mtungi uliofungwa. Ina utamu unaowavuta mbwa, nayo ni sumu.

Baada ya kujaza, toa hewa. Egesha pua ya gari ikielekea juu, fungua hita, washa injini baridi kifuniko kikiwa wazi, minyaminya hosi na ongeza kulanti kila inaposhuka. Viputo vikikoma, funga kifuniko kabla kulanti haijaanza kuchemka, acha feni iwake na kuzima mara mbili, na kesho yake asubuhi uangalie tena kiwango kwenye rejeta yenyewe, wala si kwenye chupa pekee.