Kila siku natangaza asali WhatsApp, naishia kublokiwa tu

nyuki_mdogo: Wakuu habari za jioni. Nauza asali, inatoka Sikonge kule Tabora kwa wajomba zangu, mimi nauzia huku Dar. Niko kwenye magrupu kama thelathini ya WhatsApp, kila asubuhi narusha picha ileile na bei, mwezi wa tatu huu wateja nawahesabu kwa vidole na wengi wao ndugu. Sasa juzi nikarusha kwenye grupu la tuliosoma pamoja bila kusoma juu kulikuwa na nini, kumbe usiku mwenzetu kafiwa na mama yake, tangazo langu likatua katikati ya pole za watu, "OFA OFA ASALI MBICHI" na vimoto vitatu. Admini kanitoa, na mfiwa mwenyewe, tulikaa naye dawati moja, kanibloki. Mnapataje wateja bila kuwa kero?

mama_madera: Duh pole, nimecheka halafu nikaona aibu kwa niaba yako. Mimi nauza madera, na mimi nilianza hivyo hivyo. Toka kwenye hayo magrupu, baki kwenye yale ambayo ungekuwepo hata kama huuzi kitu. Weka stetasi, inakaa masaa 24 inapotea, anayetaka anafungua mwenyewe. Na usijidanganye na brodkasti, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, ujumbe haumfikii ambaye hajasevu namba yako, kwa hiyo kazi ni kumfanya mtu aone sababu ya kukusevu. Mimi mteja akishona dera lake akanitumia picha namsifia kweli, naishia hapo, simwambii mzigo mpya umeingia. Atauliza mwenyewe.

Mtu wa Mbagala: Ushauri mzuri ila wauzaji mna tabia moja, mtu anauliza bei hadharani mnamjibu "njoo inboksi". Inboksi kuna nini? Mimi hapo ndo nakuanfolo.

chai_ya_rangi: Mimi ni mnunuzi. Nina chupa ya asali kabatini, nusu imeganda kama sukari, nilimuuliza aliyeniuzia kama kachanganya akakaa kimya, kesho yake akanitumia tangazo lingine. Bora angenitukana.

nyuki_mdogo: @chai_ya_rangi kuganda siyo lazima iwe imechakachuliwa, asali halisi nayo inaganda, ile glukosi iliyomo ndo inageuka chembechembe, na ukiiweka friji unaiharakisha. Chukua sufuria weka maji ya uvuguvugu, ambayo mkono unavumilia, tumbukiza chupa, geuzageuza mpaka iachie. Usiibandike jikoni ichemke, utaua harufu yake yote. Ila kwa kuangalia kuganda tu siwezi kukuapia kwamba hiyo yako ni safi. Na kama kuna mtoto hajafikisha mwaka, asali asilambishwe kabisa, hata ikiwa nzuri vipi.

mama_madera: Umeona sasa? Hujataja bei, hujaweka vimoto, na nimesoma mpaka mwisho wakati mimi asali hata situmii. Hiyo ndo stetasi yako ya kesho, jirekodi na hilo sufuria.

chai_ya_rangi: Imeachia kweli, ila chini bado ngumu kidogo, nimebadilisha maji. Yako lita bei gani? Na usiniambie inboksi.

nyuki_mdogo: 😂 15,000, nikija Mbagala nakuletea bila nauli.

Mtu wa Mbagala: Mbagala niko mimi, yeye hajasema anakaa wapi. Ila na mimi niletee nusu.

mama_madera: Kabla ya kuhesabu hela, yule mfiwa umemtafuta? Kukubloki WhatsApp hakuzuii simu ya kawaida. Mpigie umpe pole, ya asali usiigusie kabisa.

nyuki_mdogo: Nimempigia mara mbili dada, hajapokea. Nimetuma rambirambi kwa mweka hazina wa grupu, jioni najaribu tena.